Mgongo wa Mchimba Kisima

Asifiwe Mungu aliyefinyanga udongo akaupulizia uhai, ambaye kwake hakuna mtu aliyepotea, hata yule ambaye sisi hatukumwandika mahali popote. Amenipa miaka mingi kuliko nilivyostahili. Macho yangu sasa yana ukungu, lakini ukuta ninaotaka kuusimulia bado nauona wazi, na nausimulia kwa shukrani.

Ilikuwa miaka ile tuliyoiita ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Bariadi ilikuwa bado chini ya Shinyanga, wala hakuna aliyewaza kwamba siku moja tungekuwa mkoa. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuja na malori yao na mizani yao, wakinunua kando ya barabara, na ghala la chama cha msingi cha ushirika pale Somanda likabaki tupu. Nyuzi za pamba ya misimu iliyopita zilining'inia juu kwenye kenchi kama ndevu. Watu wazima wakipita pale waligeuza macho pembeni. Walikuwa wamelijenga kwa mikono yao, na sasa wanachama waliobaki ndani walikuwa popo.

Mimi nilikuwa katekista. Padre aliomba kwa viongozi wa chama ghala lile litumike kwa shughuli za watu wote, Wakristo na wasio Wakristo, wakakubali, na ufunguo nikakabidhiwa mimi. Tulifagia, tukawafukuza popo, tukasali. Baada ya hapo hatukujua la kufanya na nafasi kubwa namna ile.

Aliyejua alikuwa mwalimu wa sanaa, kijana mzaliwa wa Nkoma aliyekuwa ametoka chuoni karibuni. Alikuja kwangu na kitabu cha historia kilichochakaa, akafungua penye picha. Mbele alisimama Mzungu mwenye kofia pana na fimbo. Nyuma yake watu weusi walikuwa wamepanga mstari mrefu, kila mmoja na mzigo kichwani au begani.

"Baba katekista, huyu wa mbele jina lake limeandikwa hapa chini," akasema. "Hawa wa nyuma ni nani?"

"Wapagazi."

"Wapagazi ni kazi yao. Nakuuliza ni nani."

Nilikuwa nimesoma historia hiyo utotoni na kufaulu mtihani wake, na wale wa nyuma hawakuwahi kuulizwa kwenye mtihani.

Basi akaanzisha mafunzo yake kila Jumamosi alasiri. Aliyaita warsha. Watu wa kwetu wakayaita shule ya udongo, kwa sababu rangi ya dukani ilitosha kuchora mistari ya pembeni tu, na kilichobaki kilikuwa ardhi yetu wenyewe: udongo mwekundu, udongo mweusi wa mbuga, majivu, mkaa, na chokaa, vyote vikikorogwa na uji mzito wa muhogo ili vishike. Wanawake ndio waliokuwa mafundi kuliko sisi wote. Tangu usichana walikuwa wamesiriba kuta za nyumba kwa viganja, na mwalimu alipowapa brashi walizitumia kukorogea uji.

Utaratibu ulikuwa huu. Kila kijiji kingeleta mtu mmoja mweusi wa zamani aliyefanya jambo kubwa na akasahauliwa. Kwanza angesimuliwa, kisha angechorwa ukutani. Alikuja mkunga aliyezalisha nusu ya wazee wa Somanda. Alikuja mwanamke aliyeficha mbegu za mtama wakati wa njaa, watoto wake wakilia, ili kijiji kipate cha kupanda. Nilisikia mambo pale ambayo sikuyasikia shuleni wala kanisani, na mara nyingi nilirudi nyumbani nikiimba njiani.

Lakini watu ni watu. Kila mmoja alitaka kuleta babu yake. Kwa hiyo kamati ikaweka masharti mawili: anayechorwa lazima awe na uso, asiwe kivuli tu, na lazima awepo shahidi aliyemwona kwa macho yake. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amewahi kuwa karani wa mizani wa chama, mtu mwaminifu na mbishi, na masharti hayo aliyalinda kama alivyolinda mizani. Siku ya somo wa parokia, yaani mtakatifu mlinzi wetu, padre angebariki ukuta. Picha ambayo ingekuwa haijatimiza masharti asubuhi ya siku hiyo ingepakwa chokaa.

Ndipo akaja mayu wa Ngulyati. Kwetu mayu ni mama, na ndivyo tunavyomwita mwanamke yeyote tunayemheshimu. Alikuwa mzee, mwembamba, mwenye mabega mapana yasiyolingana na mwili wake. Alikuja kwa miguu, akakaa nyuma, akasubiri mpaka wote waliposema.

"Mwadila," akatusalimu.

"Mwadila, mayu," tukaitikia.

"Mimi namleta baba mkwe wangu. Jina lake silitaji, mnajua wenyewe, mimi ni mke wa mwanawe. Lakini kisima cha Ngulyati mnakijua."

Tulikijua. Kila mtu alikijua. Maji yake hayakuwahi kukauka hata miaka ambayo mto ulibaki mchanga mtupu.

Akasimulia. Baba mkwe wake alikamatwa akiwa kijana wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, akabebeshwa masanduku ya risasi mpaka kusini kusikojulikana. Aliona wenzake wakifa njiani, na kilichowaua haikuwa risasi, ilikuwa kiu. Yeye alirudi kwa miguu, begani ameota nundu kama ya fahali pale mzigo ulipokaa. Hakutaka ng'ombe wala uongozi. Alitembea Ngulyati nzima miaka na miaka akipiga ardhi kwa kisigino na kusikiliza, kisha akaanza kuchimba.

"Juzi juzi wameweka pampu na mfuniko wa saruji," akasema mayu. "Wameweka na kibao. Kwenye kibao kuna majina ya walioleta pampu, na ni vizuri, wametusaidia. Lakini mimi ndiye niliyebaki. Mume wangu amekufa, wanangu wamehamia Mpanda na mifugo. Majirani wa zamani tulitawanywa wakati wa kuhamia vijijini. Nikifa, hakuna wa kusema kile kisima kilichimbwa na mtu. Watasema kilikuja na pampu."

Hata mwenyekiti aliinamisha kichwa. Kisha akauliza kama ilivyompasa: "Ulimwona kwa macho yako?"

"Niliishi bomani kwake tangu nilipoolewa mpaka tulipomzika."

"Shahidi yupo," akasema mwenyekiti. "Mwalimu, chora."

Mwalimu akaketi mbele ya mayu na karatasi kubwa na kipande cha mkaa.

"Haya, mayu. Pua yake ilikuwaje?"

"Sijui."

"Paji la uso?"

"Sijui."

"Macho? Makubwa, madogo?"

Mayu akatazama mikono yake. "Mwanangu, sijui."

Mwenyekiti akacheka kwa mshangao. "Umekaa na mtu bomani mpaka anazeeka, hujui hata pua yake?"

"Ningeijuaje? Alikuwa mkwe wangu!"

Wanawake wakaguna kwa kukubali. Wazee tukajua mara moja, tukaona aibu kwa kutofikiri mapema. Kwetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni. Akimwona anakuja, anatoka njiani, anapiga magoti, anainamisha macho mpaka apite. Mzee naye anakohoa kabla ya kuingia uani ili mkwe wake apate kujisitiri. Ni heshima ya pande zote mbili, na mayu aliishika bila kuivunja hata siku moja. Mwalimu alikuwa Msukuma kama sisi, lakini alikuwa amekulia shule za bweni, na mambo ya uani yalimpita.

Tulitafuta mtu mwingine. Akapatikana mzee mmoja wa Ngulyati aliyekuwa mtoto wakati kisima kinachimbwa. Alisema mchimbaji alikuwa na ndevu. Wiki iliyofuata akasema hapana, mwenye ndevu alikuwa mjomba wake. Mwenyekiti akamfutia ushahidi wa uso palepale, na mzee mwenyewe akacheka kuliko wote.

Mwalimu hakukata tamaa. Akamwomba mayu aeleze uso wa marehemu mume wake, kwa kuwa mwana hufanana na baba. Mayu akaueleza vizuri, kwa upendo, mpaka kikovu cha nyusi. Mwalimu akauzeesha uso ule, akaongeza mvi na makunyanzi, na Jumamosi moja tukaukuta ukutani: mzee mwenye heshima akitutazama moja kwa moja. Mimi niliona kazi nzuri. Nilimshukuru Mungu kwa vidole vya kijana yule.

Mayu akafika. Alipoingia mlangoni mwalimu akasema kwa furaha, "Mayu, huyo hapo baba mkwe wako!"

Mama yule akashuka magotini pale pale mlangoni, akavuta kanga mpaka machoni, akageuka upande. Wanawake wawili waliokuwa wakisiriba ukuta wa pili, walioolewa katika ukoo ule ule, wakadondosha udongo, wakajifunika, wakatoka nje kwa haraka mikono ikiwa bado na matope. Mayu naye akatoka, kinyumenyume, bila kuinua macho. Mwalimu alibaki na mkaa mkononi kama mtu aliyegongewa mlango na kufungua asikute mtu.

Nilimfuata mayu nje. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kupakilia pamba.

"Katekista," akasema, "picha ni nzuri?"

"Ni nzuri, mayu."

"Basi mtaitazama nyinyi. Mimi nilitaka kumwona. Sasa mmemweka mahali ambapo siwezi kuingia."

Akaondoka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotuumiza. Kumbe tulikuwa tumemchorea mama yule uso aliouepuka maisha yake yote, na kwa kuuweka tulimfungia mlango. Mwalimu akachukua ndoo ya chokaa mwenyewe, akaufuta, bila kungoja kamati. Ukuta ukabaki mweupe, na siku ya somo ilikuwa inakaribia.

Siku ya pili yake, baada ya ibada, mimi na mwalimu tulipanda baiskeli tukaenda Ngulyati kuomba radhi. Tulimkuta nyuma ya nyumba akimfunga ndama. Alitukaribisha, akatupa maziwa ya mgando, akakataa habari za radhi.

"Hukunikosea, mwanangu. Ulitaka kunipa kitu."

Mwalimu akauliza, na naamini Roho Mtakatifu ndiye aliyemwuliza kwa kinywa chake: "Mayu, huyu mzee wewe ulimwonaje?"

"Vipi, nilimwonaje?"

"Ulipopiga magoti akapita. Uliona nini?"

Mayu akafikiri. "Miguu," akasema. "Kisigino cha kushoto kilikuwa na ufa mrefu. Kidole gumba kilipinda, alikatwa na jembe. Akishapita nainuka, ndipo namwona mgongo. Bega la kulia liko juu kwa sababu ya nundu, la kushoto liko chini, kwa hiyo anatembea kama anayesikiliza kitu ardhini. Shati lake lilikuwa linachanika hapa." Akajigusa nyuma ya bega. "Nililishona mimi. Nilimjua kwa mgongo hata akiwa mbali kule machungani. Nilikijua kikohozi chake. Na kamba."

"Kamba gani?"

"Ya kisima. Kisima kilipokuwa kirefu, watu walichoka wakaenda mashambani kwao. Alibaki yeye na mume wangu na mimi. Mume wangu alizoa udongo na kwenda kuumwaga mbali. Mimi nilivuta kamba."

"Umevuta udongo?"

"Udongo, na yeye mwenyewe jioni. Angetokaje?"

Mwalimu hakuelewa. "Sasa mayu, ulimvutaje mtu kutoka kisimani bila kumtazama?"

Akatucheka. Akachukua ile kamba ya ndama, akaipitisha begani, akatupa mgongo, akaanza kutembea kuelekea zizini, ameinama, hatua kwa hatua, na ndama wa watu akaburutwa nyuma yake akilalamika.

"Hivi!" akasema bila kugeuka. "Natembea kuelekea kwenye boma, yeye anapanda nyuma yangu. Akifika juu anakohoa. Nikisikia kikohozi nafunga kamba kwenye mti, naenda zangu kupika. Sikugeuka hata siku moja."

Nilitazama yale mabega mapana nikaelewa yalikotoka. Mzee yule alikuwa ametundika maisha yake kila siku kwenye mabega ya mwanamke asiyemtazama, na hakuna kati yetu aliyekuwa amemwuliza mama huyu alifanya nini. Yeye mwenyewe hakuwa amefikiri ni jambo la kusema. Mwalimu alikuwa ameacha maziwa yake. Alikuwa anachora kwenye vumbi kwa kijiti.

Wiki zile za mwisho wanawake walifanya kazi hata siku za katikati ya juma, wakitoka kupalilia. Mwalimu alichora mistari, wao wakajaza kwa viganja. Mchimbaji akaonekana kwa nyuma, akipanda kutoka kisimani, bega moja juu na moja chini, shati limeshonwa, kisigino chenye ufa kikiwa kwenye ngazi iliyochongwa ardhini. Kamba ilitoka kiunoni mwake ikapanda. Mahali ilipoishia, wale wanawake wawili waliokimbia siku ile waliomba wachore wenyewe. Hatukuwauliza watachora nini.

Asubuhi ya siku ya somo mwenyekiti akaja kukagua, na ndoo ya chokaa ikiwa mlangoni tayari. Nje watu walikuwa wameanza kukusanyika na ngoma. Akapita picha moja moja akitikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka akafika hapo.

"Uso wa mchimba kisima uko wapi?"

"Hana," akasema mmoja wa wale wanawake. "Ni mkwe wetu."

"Sharti ni uso. Sikuliweka mimi peke yangu, tuliliweka wote."

"Mwenyekiti, na uso wa mama mkwe wako wewe uko wapi? Hebu tuchoree pua yake, udongo si huu hapa?"

Ghala zima likalipuka kwa kicheko. Kila mtu alijua kwamba mwenyekiti, alipokutana ghafla na mama mkwe wake kwenye njia nyembamba kule Nkoma, alijitupa na baiskeli yake ndani ya mpunga uliojaa maji ili kumpisha.

"Nyamazeni nyie!" akasema, lakini midomo ilikuwa inamcheza. "Mpunga ule ulikuwa umekomaa."

"Baiskeli je, ilikomaa?"

Alipomaliza kucheka akafuata kamba kwa kidole, kutoka kiunoni mwa mchimbaji kwenda juu, na akafika mwisho wake. Hapo alisimama mwanamke kijana, kamba begani, ameupa mgongo mdomo wa kisima, anakuja moja kwa moja kwa mtazamaji. Huyo alikuwa na uso. Mashavu, kidevu, macho yanayotazama mbele bila kuyumba. Walikuwa wamemfanya kijana, lakini alikuwa yeye.

Mwenyekiti akaondoa kidole ukutani.

"Uso huu hapa," akasema hatimaye. "Shahidi?"

"Mimi!" Yule mzee wa Ngulyati aliyekosea ndevu alikuwa amesimama mlangoni. "Huyu nilimwona. Tulikuwa watoto, tukimtangulia tukiimba, yeye anavuta. Ndevu zilinichanganya, ila hili hapana. Na huyo anayepanda, mgongo ndio huo huo. Tulizoea kumwona akienda, nani alimwona akija?"

"Ondoeni chokaa," akasema mwenyekiti.

Tukamleta mayu. Nilimshika mkono nikamwambia taratibu, "Mayu, inua macho tu. Amekupa mgongo."

Akaondoa kanga machoni. Akasogea karibu. Alitazama kisigino, akatazama mshono wa shati, akautazama kwa muda mrefu, na akautia kasoro kwamba nyuzi zake hazikuwa mbali mbali namna ile. Akaweka kiganja kwenye nundu ya bega. Nilikumbuka nabii yule aliyeomba kumwona Mungu, akafichwa katika ufa wa mwamba, akaruhusiwa kuona mgongo tu, na ukamtosha. Kisha macho ya mayu yakafuata kamba, kama ya mwenyekiti, na yakajikuta.

"Sikuomba mnichore mimi," akasema.

"Kamba ingeshikwa na nani, mayu?" akajibu mwalimu.

Mayu alipangusa mashavu kwa ncha ya kanga, akaketi chini mbele ya ukuta, na hapo alikaa padre alipobariki, na hapo alikaa ngoma zilipoanza.

Miaka imepita tangu hapo. Aliishi kuona wajukuu zake wakija kutoka Mpanda na kuoneshwa ukuta ule. Mvua inayovuja paani imekula sehemu ya udongo, na mara mbili nimewaona wanawake vijana, ambao sikuwajua, wakirudishia pale palipobanduka, kwa viganja, kila mmoja na rangi ya udongo wa kwao. Kisimani Ngulyati, chini ya kibao cha pampu, mtu amechora kwa mkaa mgongo wenye bega moja juu. Ukifutika, huwa unarudi. Sijauliza ni nani anayeurudisha. Namshukuru tu Mungu kwa ajili yake.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akujalie maji karibu na mlango wako na mikono iliyokaza upande wa pili wa kamba yako. Awakumbuke waliokubeba usiowajua, na siku utakapopita, apatikane mtu wa kuinua macho na kusema, huyo ndiye, nilimwona. Amina.